Mbuzi wawili, nyumba mbili: kumtafuta bibi wa Kiswahili

Mdogo wangu anatunga ulimwengu. Sio mzaha. Ana ramani, ana bahari mbili, ana milima yenye majina, na tangu Ramadhani ana lugha tatu zinazosemwa na watu wa ulimwengu huo. Shida yake ilikuwa kwamba lugha zenyewe zilikuwa hazifanani kama ndugu, zilikuwa kama abiria waliokutana uwanja wa ndege. Akaniandikia WhatsApp kutoka chumba cha pili (ndivyo tunavyoishi kwetu Al Thumama, nyumba moja na kila mtu na simu yake): "Dada, nianze na lugha zenyewe au nianze na bibi yao?"

Nikamjibu aanze na bibi. Ndivyo alivyofanya Tolkien, yule mwandishi aliyezaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892. Kabla lugha za majini wake wa msituni hazijawa tamu masikioni, alikuwa na orodha ndefu ya mizizi ya lugha moja ya kale, na lugha zote zikatoka humo kwa kanuni. Orodha hiyo ilikuja kuchapishwa mwaka 1987, yeye akiwa ameshakufa. Lakini Tolkien alikuwa na raha moja ambayo wanaisimu hawana: bibi alimtunga mwenyewe, kisha akateremka kwa wajukuu. Kwa lugha za kweli unapewa wajukuu peke yao, na bibi unamtafuta kwa kurudi nyuma, bila picha, bila sauti, bila hata herufi moja aliyoandika.

Kwenye kipindi nilipewa dakika nne nielezee namna bibi wa Kiswahili alivyotafutwa, na tulipohariri zikabaki mbili. Basi hapa nitajaza zilizokatwa.

Kwanza tusichanganye maneno. Lugha mama ni ile uliyolelewa nayo nyumbani. Lugha mame, kama wanavyosema wataalamu wetu wa isimu, ni ile iliyozaa lugha nyingine. Lugha mame ya Kiswahili, Kizulu, Kigĩkũyũ, Kiganda na mamia ya nyingine inaitwa Mame-Bantu. Maneno yake huandikwa na kinyota mbele, na kinyota hicho maana yake ni: hili hatukulisikia wala hatukulisoma mahali, tumelihesabu.

Namna ya kulihesabu unaweza kujifunza kwa kutazama uwanja wetu wa mpira. Uwanja wa Al Thumama, uliofunguliwa Oktoba 2021 na ambapo Moroko waliwatoa Ureno kwenye robo fainali ya Kombe la Dunia la 2022, una umbo la gahfiya, ile kofia nyeupe wanayovaa wanaume wa huku chini ya ghutra. Mbunifu wake ni Mqatari, Ibrahim Jaidah. Kila mgeni anayekuja kwetu kutoka Mombasa au Dar, nikimtajia jina la kofia hiyo, jibu ni lile lile: "Ah, si ndo kofia hiyo! Gahfiya, kofia, neno moja."

Hebu tulipime. Kiarabu cha maandishi kina sauti ya qaf. Huku Ghuba, qaf mara nyingi hutamkwa g: qahwa ni gahwa, qalam ni galam. Kwetu qaf iliingia kama k: kahawa, kalamu. Kwa hiyo g ya Doha na k ya Mombasa zinakwenda sambamba, neno baada ya neno, na kanuni hiyo unaweza kuitegemea. Mpaka hapo gahfiya na kofia zinaonekana ndugu kweli. Ila neno la huku likiandikwa ni qahfiyya, na katikati lina h nzito, ile ya koo. H hiyo Kiswahili huwa hakiiachi: hesabu, haki, halali, zote zinayo. Tungelikopa neno hilo sisi, leo tungekuwa tunavaa kitu kama "kahafia". Kofia inatoka kwenye neno jingine kabisa la Kiarabu, kufiyya, ambalo h hiyo halina. Kwa hiyo mgeni wetu kaona sura mbili zinafanana akadhani ni mapacha.

Mwanaisimu hatishiki na kufanana. Anachotafuta ni tofauti inayojirudia. Ukishaona g hapa ni k pale mara kumi, mara hamsini, unajua kuna kitu kimoja nyuma yake, hata kama hicho kitu kimekufa.

Tena sauti hazibadiliki ovyo, huwa zinasukumwa na jirani yake. Hapa Qatar qaf ikikaa karibu na i huenda mbali zaidi, inakuwa j. Rafiq, ambaye kwetu ni rafiki, hapa kwa wazee ni rifij. Kumbuka hiyo i inavyosukuma, maana ndiyo ufunguo wa hadithi nzima ya mbuzi.

Lakini kabla ya mbuzi niseme kwa nini jambo hili linaniuma.

Nilipokuwa na miaka kama kumi, katika shule moja ya hapa, msichana wa darasani aliniomba nihesabu kwa lugha ya kwetu. Moja, mbili, tatu, nne, tano: wote kimya, wanasikiliza. Sita: akatabasamu. Saba: akacheka. Nane ikamchanganya kidogo, tisa ikamaliza kesi. "Hiki si Kiarabu tu, mmekiharibu?" Nikarudi nyumbani nikamweleza ami yangu, nikitegemea atakasirika. Akafurahi! "Si nawaambia siku zote? Lugha yetu imetoka Arabuni." Mmoja ananicheka, mwingine anajivuna, na hoja yao ni moja. Nadhani wengi wetu tuliokulia Ghuba tumeshakaa katikati ya hao wawili. Ukiwa Mombasa swali la Kiswahili kimetoka wapi ni la mtihani. Ukiwa hapa ni swali la wewe ni nani, na linaulizwa mbele ya watu.

Sasa mbuzi. Kiswahili sanifu husema *mbuzi wawili*. Kizulu husema *izimbuzi ezimbili*. Waganda husema *embuzi bbiri*. Wagĩkũyũ husema *mbũri igĩrĩ*. (Wale wa Nairobi mnaosema "mbuzi mbili" na kurekebishwa na walimu, tulieni: katika hilo mko karibu na Waganda na Wazulu kuliko alivyo mwalimu wenu. Kumpa mnyama upatanisho wa mtu, wa- badala ya upatanisho wa ngeli yake, ni mambo yaliyokuja baadaye kwenye Kiswahili.)

Tazama konsonanti ya mwisho katika kila neno. Katika mbuzi tuna z, katika mbili tuna l. Mzulu vile vile: z na l. Mganda: z na r. Lakini Mgĩkũyũ ana r kwenye yote mawili, mbũri na igĩrĩ. Je, lugha mame ilikuwa na konsonanti mbili ambazo Gĩkũyũ imeziunganisha, au moja ambayo wengine tumeigawa?

Jibu liko kwenye irabu. Gĩkũyũ ina irabu saba, na maandishi yake yanaonyesha: kuna i na kuna ĩ, kuna u na kuna ũ. Mbũri inaishia na i ya kukaza, igĩrĩ inaishia na ĩ iliyolegea, inayokaribia e. Hapo ndipo tofauti ilipojificha. Lugha mame ilikuwa na irabu saba na konsonanti moja. Wanaisimu wengi huiandika d: *\*-bũdi* kwa mbuzi na *\*-bĩdĩ* kwa mbili, nikiazima herufi za Kigĩkũyũ. Sisi, Waganda na Wazulu tuliponguza irabu kutoka saba hadi tano, lakini kabla i ya kukaza haijapotea ilishaisukuma d ikawa z, kama i ya hapa Qatar inavyoisukuma qaf ikawa j. I mbili zikawa moja, ila z ikabaki kama alama ya mguu kwenye saruji. Gĩkũyũ wakafanya kinyume: irabu wakazitunza, konsonanti wakaiacha ile ile.

Na swali la watoto wote, kwa nini watu ni *wawili* na nyumba ni *mbili*? Ni shina moja. B ya zamani ilipokuwa na m mbele yake ilikingwa, ikabaki b. Bila kinga ikalegea kuwa w. Ndiyo hiyo hiyo *ulimi* na *ndimi*, *mrefu* na *ndefu*: ukiweka n mbele, konsonanti ya kale inatoa kichwa. Hakuna Mwarabu anayehusika humo. Huo ni mtambo wa Kibantu unaofanya kazi mdomoni mwako kila siku bila wewe kujua.

Wenye ubishi watasema mfano mmoja haujengi nyumba. Sawa. I ya kukaza ndiyo pia iliyokuwa ikitumika kumtaja mtendaji, na kazi hiyo bado inaifanya. Pika, mpishi. Linda, mlinzi. Fuata, mfuasi. Jenga, mjenzi. Lewa, mlevi. Konsonanti ya mwisho imesukumwa kila mara. Sasa tazama *lea* na *mlezi*. Hiyo z imetoka wapi, wakati lea haina konsonanti ya kusukumwa? Muulize Mgĩkũyũ: kulea mtoto kwao ni *rera*. Kulikuwa na konsonanti pale, d au l, sisi tumeimeza katika kitenzi na kuihifadhi katika mtu. *Kaa* na *mkazi* ni vivyo hivyo. Gĩkũyũ husema *ikara*, Wamijikenda husema *kala*, na sisi tumebaki na aa mbili na pengo katikati. Z ya mkazi ndiyo iliyokuwa pale. Huwa nalikumbuka pengo hilo kila baba anapokwenda kufanyia upya vibali vyetu vya ukaazi. Miaka yote hii Doha, sisi si raia, ni wakazi, na neno lenyewe linakumbuka kitu ambacho kitenzi chake kimekisahau.

Kazi hii ilianza kufanywa na nani? Kwa sehemu kubwa na Wazungu waliokuja kwa sababu nyingine. Wilhelm Bleek, Mjerumani, alikwenda Natal mwaka 1855 na Askofu Colenso, akaishia kuwa mtunza maktaba Cape Town. Kitabu chake cha kulinganisha lugha kilianza kutoka 1862, na ndicho kilicholieneza neno *Bantu*, ambalo alilipata kwa kuona shina la *-ntu* na kiambishi cha watu wengi *ba-* kila mahali alipogeuka. Namba za ngeli zinazotumika vyuo vikuu, 1 na 2 kwa m-wa, 7 na 8 kwa ki-vi, chanzo chake ni yeye. Kinyota kilikwishakuwepo Ulaya: August Schleicher alikitumia kwa lugha mame ya Kihindi-Kiulaya, na mwaka 1868 akathubutu kuandika hekaya nzima ya kondoo na farasi kwa lugha ambayo hakuna mtu hai aliyewahi kuisikia. Wenzake baadaye wakaiandika upya mara kadhaa, kila mmoja kwa sauti tofauti, na hilo peke yake linakuonya usimwamini bibi wa kinyota kupita kiasi.

Aliyemjengea Mame-Bantu sauti zake ni Carl Meinhof, mchungaji wa kijijini Pomerania, kitabu chake cha fonolojia kikatoka 1899. Mwenyewe aliita lugha hiyo Ur-Bantu. Kazi ni nzuri, siwezi kudanganya, kanuni nyingi alizoziona bado zinasimama, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha alizozitegemea. Lakini ni Meinhof huyo huyo aliyeandika mwaka 1912 juu ya lugha za "Wahamiti", akidai kwamba kuna damu bora iliyoshuka kutoka kaskazini ikawapa Waafrika ustaarabu, na kwamba Kibantu kilizaliwa na mchanganyiko huo. Mwaka 1933 alijiunga na chama cha Nazi. Nadharia ya Wahamiti ilitembea mbali; Rwanda inajua ilifika wapi. Nalitaja kwa sababu wazo hilo ni binamu wa wazo la ami yangu: kwamba chochote kizuri kwetu lazima kiwe kimeletwa na mtu wa nje mwenye ngozi nyeupe zaidi. Joseph Greenberg, Mmarekani, ndiye aliyelivunja kwa upande wa lugha katika karne ya 20, kwa kuonyesha tu kwamba "Kihamiti" kama familia hakikuwepo.

Baada yake akaja Malcolm Guthrie, mmisionari wa Kibaptisti aliyefanya kazi Kongo kabla ya kuwa profesa London. Alitoa majuzuu manne kati ya 1967 na 1971, akilinganisha lugha 28 alizozichagua kama mashahidi. Huyo ndiye aliyezipa lugha zetu herufi na namba kama vyumba vya hoteli: Kiswahili G42, Gĩkũyũ E51. Wakati huo huo Mbelgiji A. E. Meeussen akatoa mwaka 1967 makala juu ya sarufi ya Mame-Bantu ambayo wengi wanaiona imara kuliko kazi ya Guthrie, na orodha ya maneno aliyoianzisha iliendelezwa Tervuren, karibu na Brussels, ikawa hazina ya kidijitali ya maelfu ya mashina.

Guthrie na Greenberg waligombana juu ya kwao. Guthrie aliona maneno mengi ya kale yamehifadhiwa kusini mwa msitu wa Kongo, upande wa Waluba na Wabemba, akasema hapo ndipo penyewe. Greenberg akasema hapana, tazama lugha zinapotofautiana zaidi na walipo jamaa zake wa mbali, yaani mpakani mwa Nigeria na Kamerun. Greenberg ndiye anayekubaliwa leo, na kisa kinafahamika ukifikiria: eneo kubwa ambalo watu wote wanaongea karibu sawa ni eneo waliloingia juzi. Penye vurugu ya tofauti ndipo walipokaa muda mrefu. Safari ilianza huko miaka kama 4,000 au 5,000 iliyopita.

Na humo kwenye orodha ya kinyota kuna nini? Mbuzi yumo. Mbwa yumo. Ngoma imo, nyama imo, mganga yumo, kulima kumo. Mgeni yumo pia, na sauti zake hazijabadilika sana mpaka leo. Huyo namwona ni wetu hasa.

Msomaji mmoja aliniandikia akisema: sawa, Kamerun, lakini miaka 4,000 ni mbali, hiyo hainiambii chochote kuhusu bibi yangu wa Lamu. Ana haki. Bibi wa karibu zaidi ni mwingine, anaitwa Mame-Sabaki, kwa jina la mto unaoingia baharini kaskazini kidogo ya Malindi. Derek Nurse na Thomas Hinnebusch walimchora mwaka 1993 katika kitabu kinene kweli kweli. Watoto wake ni watano: Kiswahili, Kimijikenda, Kipokomo, Kiilwana cha mtoni Tana, na Kikomoro. Ukitaka kuona ubaya wa vyumba vya hoteli vya Guthrie, ni hapa. Alivigawa kwa ramani, kwa hiyo Kiswahili na Kikomoro aliviweka kwenye G pamoja na lugha za Tanzania, halafu Kipokomo na Kimijikenda akavitupa kwenye E, jirani na Gĩkũyũ. Ndugu wa tumbo moja, vyumba tofauti. Ilibidi wengine waje wawarudishe pamoja kwa kutumia sauti: njia ya Unguja ni ndia ya Lamu na njira ya Wagiriama, na ukizifuata kwa uangalifu zinarudi mahali pamoja.

Hili kule nyumbani si dogo. Nimekulia nikisikia watu wazima wa pwani wakiwazungumzia Wamijikenda kama watu wa mbali, watu wa "bara", hata kama bara yenyewe ni mwendo wa nusu saa kutoka Old Town. Kwa sauti, Mgiriama ni ndugu wa Kiswahili wa karibu kuliko Mwarabu yeyote. Ami yangu hajakubali bado. Tunaendelea.

Na shahidi wa nje yupo, ingawa ni mdogo. Al-Masudi wa Baghdad alisafiri hadi Qanbalu, kisiwa ambacho wengi wanadhani ni Pemba, akaondoka huko kurudi Oman mwaka 304 wa Hijria, yaani 916 au 917. Katika kitabu chake anasema wafalme wa watu wa Zanj huitwa kwa neno ambalo hati nyingine zinalisoma *waflimi* na nyingine *waqlimi*, maana fa na qaf hutofautiana kwa nukta moja tu na wanakili walichoka. Wengi wanaliona ni *wafalme*. Ukisoma fa au ukisoma qaf, ile *wa-* mwanzoni haiguswi na nukta. Mwarabu wa karne ya 10, bila kukusudia, kaandika kiambishi cha ngeli ya pili.

Halafu mwaka 2023 jarida la Nature likatoa uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa zamani katika miji ya pwani na mmoja wa bara, Chapurukha Kusimba akiwa miongoni mwa watafiti. Ami alinitumia habari hiyo kabla sijaamka. Ilionyesha kwamba kuanzia karibu mwaka 1000 wanaume kutoka Asia, wengi wao asili ya Uajemi, walizaa na wanawake wa Kiafrika wa pwani. Ami alisoma upande wa baba akafurahi. Lakini endelea kusoma: asili ya upande wa mama ilikuwa karibu yote ya Kiafrika, na lugha waliyoongea watoto ikabaki Kibantu. Kiajemi hakikushinda. Watoto waliongea kama mama zao. Sisi tuliozaliwa huku hatuhitaji kuelezwa jambo hilo, wengi wetu Kiswahili tunacho kwa sababu mama alikataa kujibu akiitwa kwa lugha nyingine.

Vinasaba na lugha ni vitu viwili, lakini. Mame-Sabaki si kabila na wala si ukoo. Ni hesabu ya sauti. Mtu aliyekuja akajifunza lugha ni mrithi wake sawa na aliyezaliwa nayo, na ndiyo maana simwambii ami kwamba babu zake hawakutoka Hadhramaut. Huenda walitoka. Lugha haikutoka huko.

Narudi kwenye sita, saba na tisa, maana sikuwahi kumjibu yule msichana vizuri. Ni za Kiarabu, hilo halina ubishi. Pamoja na ishirini, thelathini na mia. La kuvutia ni kwa nini hizo na si nyingine. Katika Mame-Bantu, mbili, tatu, nne, tano na kumi ziko imara, unazikuta kutoka Kamerun hadi Natal. Katikati ya tano na kumi ndipo pana matope: lugha nyingi huunganisha, "tano na moja", "tatu tatu", na kila eneo lina mpango wake. Nane yetu ni nne iliyorudiwa. Kwa hiyo wafanyabiashara walipohitaji hesabu moja bandarini, Kiarabu kiliingia pale palipokuwa palegevu. Mbili haikuguswa.

Na zile za zamani hazikufa zote. Tisa ilikuwa *kenda*, wazee wa pwani bado wanaijua. Wakomoro wa Ngazidja husema *shenda*, k yao imekwenda sh. Saba kwao ni *mfukare*, nasi tulikuwa na *mfungate*. Umeisikia wapi? Harusini. *Fungate* ni zile siku saba za bwana na bibi harusi. Hakuna anayehesabu nayo mbuzi tena, lakini kila aliyefunga ndoa kwetu Al Thumama kaitumia, hata wale waliofanya fungate yao siku tatu Salalah kwa sababu ya likizo.

Kwenye kipindi kijacho tutakuwa na wageni wawili, mmoja ni wa Kikomoro na mmoja ni wa Kipokomo, na tunataka kuhesabu pamoja, moja hadi kumi, papo hapo. Kama bibi yako ana neno la sita, saba au tisa ambalo si la Kiarabu, mrekodi kwa simu ututumie, na useme ni wa mji gani. Mwache ahesabu taratibu, usimkatize. Sita ndiyo tunayoisaka zaidi.